Mafuta ya Hadi Juni

3 Februari

Lubaga Air imefunga bei ya theluthi mbili ya mafuta yake hadi tarehe 30 Juni, kwa senti 68 za dola kwa lita. Aliyesema ni Hiral Dattani, mkuu wa fedha wa shirika, leo asubuhi ofisini kwao Shinyanga mjini. Tulikuwa waandishi watatu. Wenzangu wawili walitarajia tangazo la safari mpya. Waliondoka kabla ya chai. Mimi nilibaki, na nimerudi nyumbani Ngokolo nikiwa na habari nzuri kuliko zote nilizopata tangu mwaka jana uishe.

Lubaga ina ndege mbili za viti thelathini. Zinakwenda Dar es Salaam kutoka uwanja wetu wa ndege wa Ibadakuli na kutoka Chato. Katika kila shilingi mia ya matumizi yao, karibu arobaini ni mafuta, na bei ya mafuta inaamuliwa mbali na hapa na watu wasiojua Chato iko wapi. Sasa wameingia mkataba na benki moja ya Dar. Mafuta wataendelea kununua kwa muuzaji yuleyule kwa bei ya siku. Lakini kila mwisho wa mwezi wanahesabu wastani wa bei za mwezi: soko likiwa juu ya 68, benki inawalipa tofauti, likiwa chini, wao wanailipa benki. Lita laki moja kila mwezi.

"Kwa hiyo mnacheza kamari," nilimwambia.

"Asiyefunga ndiye anayecheza, Mama Edward. Mimi nimejitoa mchezoni."

"Mbona theluthi moja bado imo?"

"Mvua ikizuia ndege kuruka, sitaki niwe nimefunga bei ya mafuta nisiyoyachoma."

Mwenyekiti, Suresh Thakkar, ni mjomba wake. Familia yao ilikuwa na kinu cha pamba. Alikaa pembeni akitikisa kichwa kukubali. Aliongea mara moja tu: "Baba yangu aliuza pamba kabla vitumba havijapasuka. Ni jambo lilelile." Nimeliandika hilo kwa ajili ya gazeti. Hiral nilimwona mkavu, mtu wa kujibu swali na kufunga mdomo.

5 Februari

Mvua tangu alfajiri. Habari imetoka ukurasa wa kumi na moja.

10 Februari

Ibadakuli. Onesmo, mkuu wa tiketi wa Lubaga, anasema kwa sauti ambayo hata wapakia mizigo wanaisikia. Zamani alikuwa mnunuzi wa dhahabu Kahama.

"Shikamoo Mama Edward. Umeandika habari za yule binti, mpwa wa Mwenyekiti?"

"Marahaba. Nimeandika habari za mafuta."

"Mimi nimenunua dhahabu miaka kumi na miwili. Bei ni ya asubuhi. Ya jioni ni nyingine. Ukimwambia mtu wa Geita nimefunga bei hadi Juni, anakupeleka kwa mganga."

Nimeandika jina lake katika orodha yangu ya watu wa maneno mengi. Bei leo: 67.

24 Februari

61. Wapinzani wao, shirika la Mwanza linaloruka pia Chato, hawakufunga chochote. Leo wamepunguza nauli ya Dar kwa shilingi elfu thelathini. Onesmo amenipigia mwenyewe kunieleza, kama mtu anayetangaza ushindi wa timu yake, halafu akakumbuka kwamba timu yake ni ile nyingine.

28 Februari

Hesabu ya kwanza. Lubaga imeilipa benki dola elfu tatu. Hiral amenipa takwimu bila kuombwa mara mbili. "Andika," alisema. "Ndiyo kazi ya mkataba. Mwezi mwingine unalipa."

6 Machi

Ushirombo, kuandika habari za maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, yaliyojaa maji. Nilikaa na Zipora, Mama Theonest, mwenye maduara matatu. Pampu mbili zinavuta, wachimbaji wake kumi na wanane wamekaa chini ya turubai wanakula ugali na dagaa wake. Hakuna aliyeshuka shimoni kwa wiki mbili.

"Unawalisha tu?"

"Nawalisha. Na mimi nalishwa. Kuna watu watano wametia chakula kwenye hili duara. Jiwe lenye dhahabu likitoka, kila mmoja ana mifuko yake. Lisipotoka, tumekula wote."

"Mifuko inaandikwa jina?"

Alicheka. "Mfuko ni wa aliyeushika. Ukiuchoka unamuuzia mwenzako hapohapo, kabla haujafika karashani kusagwa. Ndani kuna dhahabu au kuna mawe, hiyo ni shida yake."

Anaruka na Lubaga kutoka Chato mara mbili kwa mwezi, kufuata vipuri na wanunuzi. Aliniuliza nauli ya Mei itakuwaje. Nikamwambia mimi si mtu wa kuulizwa.

13 Machi

57. Mvua. Ndege ya Chato ilirudi bila kutua.

19 Machi

Leo ni siku ya kuandika kirefu.

Bei imefika 53. Mkataba una kifungu ambacho wengi wetu hatukuuliza habari zake: tofauti ikifika senti kumi na tano, benki inadai dhamana. Zimebaki lita laki tatu, Aprili hadi Juni. Senti kumi na tano mara laki tatu ni dola elfu arobaini na tano. Kwa shilingi ni kama milioni mia moja na kumi na saba. Zikae benki hadi bei ipande au mkataba uishe. Mwisho wa kulipa ni tarehe 27 Machi, saa kumi alasiri. Zisipofika, benki inavunja mkataba na hasara yote inalipwa papo hapo. Suresh amekiri mbele yangu kwamba hilo likitokea, ndege moja inarudi kwa wenye nayo na safari za Chato zinakufa.

Niliingia ofisini kwao saa nane. Hakuna aliyenifukuza. Sanket, mkurugenzi, alikuwa kwenye simu kutoka Dar, sauti imefunguliwa mezani.

"Hiral, wenzio Mwanza wananunua kwa 53. Sisi kwa 68. Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Tulijua inaweza kushuka. Tulilipia kutoshtuka."

"Mimi nimeshtuka."

Suresh alikuwa amesimama dirishani. "Tuvunje wenyewe," alisema. "Leo. Tuache aibu."

"Mjomba, kuvunja ni kulipa ileile arobaini na tano, kisha kubaki bila kinga. Bei ikipanda kesho tutakuwa tumelipa mara mbili."

"Na isipopanda?"

"Basi tunaruka kwa gharama tuliyoijua tangu Februari. Tulipanga nauli kwa 68. Kwa 68 hatufi. Tunachokosa ni fedha za kuweka dhamana wiki hii, basi."

Onesmo alikuwa mlangoni. Nilitegemea acheke. Alisema, taratibu, "Gharama unaijua hadi Juni. Abiria je? Hao nani amewafunga?"

Hiral aliliandika swali hilo pembeni mwa faili lake.

Sanket alikata maneno: dhamana isipopatikana, tarehe 30 bodi itamwondoa Hiral. Yeye na mjumbe mwenzake wa bodi aliyeko Dar wamekubaliana. Kura mbili kati ya tatu zipo tayari. Simu ilipokatika, Hiral alimwaga chai yake iliyopoa, akajimiminia nyingine moto, akaanza kupigia benki nyingine za mji huu. Zote zilitaka hati ya nyumba. Nyumba wanazoishi bado ni mali ya familia nzima, na nusu ya familia iko nje ya nchi.

Natembea Ngokolo nikiwa na haraka isiyo na sababu. Hii ndiyo habari. Nimeifuata pamba zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuona bei ikibisha hodi mlangoni kwa mtu namna hii.

20 Machi

Benki ya tatu imekataa.

22 Machi

Zipora amekuja Shinyanga kwa basi kununua mpira wa pampu, akapitia ofisi ya tiketi ya Lubaga. Nilikuwepo, namsubiri Hiral.

"Mwangaluka, Onesmo."

"Mwangaluka, Mama Theonest. Leo umetukimbia, umepanda basi?"

"Wa Mwanza wamepunguza elfu thelathini. Ninyi mnapunguza nini?"

"Sisi tunatabasamu zaidi."

"Tabasamu lako nalijua toka Kahama, lilikuwa linanipunja gramu. Nataka kujua nauli ya Mei na Juni. Nina watu wa kupeleka Dar."

"Sijui, mama. Mei iko mbali."

"Gazeti limeandika mmefunga bei ya mafuta hadi Juni. Mmejifungia ninyi. Mimi mnanifungia nini?"

Hiral alikuwa ametoka chumba cha ndani na faili mkononi.

"Ungefungiwa ungelipa lini?" aliuliza.

"Kama duara. Natia chakula leo, mifuko nachukua jiwe likitoka. Nipe mifuko yangu ya viti. Bei moja, nikitumia mimi sawa, nikimpa mwingine sawa. Hizo fedha nakupa kabla."

"Wako wangapi wanaofikiri kama wewe?"

"Ushirombo nzima inafikiri hivyo, ng'wanawane, mwanangu. Hatujui kufikiri kwingine."

Hiral alivuta kiti akaketi karibu naye. Walizungumza hadi duka la mipira likafungwa. Niliyemwita mkavu alikuwa anaandika kwenye kiganja kwa kuwa karatasi imejaa.

24 Machi

Ushirombo, ukumbi wa kukodi karibu na soko. Wenye maduara na wanunuzi kama sitini. Hiral alianza vibaya: alieleza mkataba wa benki, soko la dunia, wastani wa mwezi. Watu walianza kutazama simu. Onesmo akasimama bila kuitwa.

"Sikilizeni. Lubaga ni duara. Mafuta ni maji ya shimoni, hatujui yatapanda au yatashuka. Huyu dada ameweka pampu. Sasa pampu inahitaji chakula hadi tarehe 27. Mfuko mmoja ni kiti kimoja, laki mbili na nusu, Chato au Shinyanga kwenda Dar, siku yoyote hadi Juni. Kuna mifuko mia nne na themanini. Ikiisha imeisha."

Mwezi mmoja uliopita mtu huyu alitaka mkataba ule ufe. Nimemfuta katika ile orodha.

Eustace, mnunuzi mkubwa, aliinuka. "Mafuta yakishuka tena, mtatupunguzia?"

"Hapana," alisema Hiral.

"Yakipanda?"

"Hatuongezi."

"Wa Mwanza leo wanauza laki mbili na thelathini."

"Leo, ndiyo."

Zipora hakusimama, aliongea akiwa amekaa, kama anazungumza na jirani.

"Eustace, mwaka juzi ulitia chakula kwangu miezi minne. Ulijua jiwe litatoka?"

"Sikujua."

"Ulilala?"

"Nililala vibaya."

"Basi hapa kiti unakiona kinapita juu ya kichwa chako kila siku. Nunua ulale."

Alinunua arobaini. Hadi jioni mifuko mia tatu na kumi ilikuwa imekwenda. Onesmo alitoa kadi ngumu zenye muhuri wa shirika, haraka kama mtu anayegawa karata.

25 Machi

Mia nne na themanini. Zimeisha saa sita mchana. Saa nane kadi zilikuwa zinauzwa sokoni kwa laki mbili na sitini. Muuza nyanya amenionyesha yake.

26 Machi

Tatizo, na ni la Onesmo.

Hiral alipeleka shilingi milioni mia na ishirini, noti tupu, kwenye tawi la benki hapa Ushirombo, zitumwe Dar kama dhamana. Meneja wa tawi alizipokea, akazihesabu, akauliza: za nani? Fedha nyingi namna hiyo, kutoka kwenye machimbo, haziendi popote bila majina ya waliolipa na namba zao za vitambulisho. Ni sheria, na meneja alikuwa mpole kabisa.

Onesmo hakuandika jina hata moja. Nilimuuliza kwa nini.

"Mfuko hauandikwi jina," alisema. Kisha akajisikia mwenyewe. "Mama Edward, nimeuza mawe miaka kumi na miwili. Mkono ulifanya wenyewe."

Kadi zenyewe zimeshahama mara mbili, mara tatu. Benki haitaki aliyeshika. Inataka aliyelipa kwanza. Hiral hakumkaripia. Alisema, "Uliwaona wote nyuso?" Akajibu amewaona. "Basi tuwatafute nyuso."

Onesmo alikodi pikipiki yenye kipaza sauti, ile inayotangaza dawa za mbu. Amezunguka soko, stendi na maduarani: kila aliyelipa Lubaga afike benki na kitambulisho kabla ya saa tisa kesho. Waliolipa, wote kwa mafungu, ni watu thelathini na mmoja. Hadi benki inafungwa wamefika kumi na tisa.

27 Machi

Zipora aliweka kiti mlangoni pa benki saa mbili asubuhi na hakunyanyuka. Anawajua wote. Kila aliyepita barabarani aliitwa kwa jina la mtoto wake.

Saa tano: ishirini na sita. Saa saba: thelathini. Alibaki Eustace, na milioni kumi zake. Bila hizo dhamana haitimii.

Alifika saa nane na nusu akiwa na meno yaliyojaa karanga.

"Mimi sina kiti. Nimeuza vyote arobaini juzi. Jina langu la nini?"

"Ulilipa wewe," alisema Hiral.

"Na nikapata faida, nikatoka. Ukiuza mfuko umetoka. Nikiandika jina, kesho mtu wa kodi ananiuliza."

"Ulipewa risiti ulipouza dhahabu soko la madini wiki iliyopita?" aliuliza Zipora.

"Nilipewa."

"Ina jina?"

"Ina jina."

"Mtu wa kodi alikuja?"

"Hajaja."

"Basi anakujua, amekuchoka. Toa kitambulisho, jua linanichoma."

Watu wa foleni walicheka hadi mlinzi naye akacheka. Eustace alitoa kitambulisho. Meneja alituma saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi kasorobo Dar walijibu kwamba dhamana imefika. Hiral aliketi kwenye ngazi ya benki, akaomba karanga kwa Eustace, akala zote.

30 Machi

Bodi. Kura haikupigwa, Sanket ameiondoa katika ajenda. Wamefunga mwezi: dola elfu kumi na mbili kwa benki. Kuanzia leo kadi ya kiti inapewa jina la abiria siku moja kabla ya safari, mwisho saa kumi.

3 Aprili

50.4. Ikigusa 50, benki inadai tena. Hiral anasema hana mifuko mingine ya kuuza.

4 Aprili

50.2.

9 Aprili

60. Kuna habari za meli zilizozuiliwa; kila anayenipigia ana sababu yake. Nimeandika namba, sababu nimeziacha.

16 Aprili

71. Dhamana imeanza kurudi. Mvua kubwa Bukombe, lakini jiwe limetoka kwenye duara moja la Zipora na anapeleka watu sita Dar kwa pamoja.

24 Aprili

80. Wa Mwanza wamepandisha nauli hadi laki tatu na arobaini na kusimamisha safari za Chato "kwa muda". Kadi za Lubaga zinauzwa Ushirombo kwa laki tatu na kumi. Ndege zimejaa. Leo Ibadakuli nimeona abiria wakiondoka wanaimba.

Onesmo ndiye pekee aliyenuna. "Mia nne na themanini kwa laki mbili na nusu. Ningejua ningeuza mia moja."

"Ungeuza mia moja, leo usingekuwa na ndege."

"Najua, Mama Edward. Niache ninune kidogo."

30 Aprili

Hesabu ya mwezi: kwa mara ya kwanza benki imeilipa Lubaga, dola elfu moja mia moja. Tangu Februari shirika limelipa elfu kumi na tano. Namweleza mhariri kwamba hawajashinda fedha. Bado wako kwenye hasara. Wana ndege mbili hewani na wapinzani wa Mwanza hawapo tena Chato. Anataka kichwa cha habari chenye neno "washinda". Nimekataa.

5 Mei

Bei 86. Sanket amekuja mwenyewe kutoka Dar na pendekezo: mafuta yote, si theluthi mbili, yafungwe hadi Desemba kwa bei ya leo, kabla haijafika mia. Na Hiral apewe kiti cha ukurugenzi ndani ya bodi. Alisema hayo mbele yangu, anatabasamu, kama anatoa zawadi ya harusi.

Hiral alikataa vyote viwili kwa pumzi moja. Anataka theluthi moja tu, ifungwe kidogo kidogo kila mwezi, na mafuta yanayofungwa yalingane na viti vilivyouzwa mapema upande wa pili.

"Machi mlitaka sifuri," alisema. "Leo mnataka zote. Bei ndiyo inayowaongoza, mimi nataka tuongozwe na viti."

"Na tukiamua zote?" aliuliza Sanket.

"Mtatafuta wa kusaini. Mimi nitakuwa nimeondoka."

Sanket hakukasirika. Alihesabu kura kwa vidole: yake, ya mwenzake, na ya Suresh. Mwenzake, siku hizi, amesema atafuata wenye viti wa Ushirombo. Ana jamaa anayeshika kadi ishirini. Kura ya kuamua ni ya Suresh.

Nilimfuata mzee hadi kwenye gari. Nilimuuliza atapiga upande gani.

"Baba aliuza pamba kabla haijapasuka," alisema. "Lakini hakuwahi kuuza yote. Hilo sikukuambia Februari, kwa sababu nilikuwa nimelisahau."

"Kwa hiyo upande wa Hiral?"

Alifunga mlango, akateremsha kioo nusu. "Sanket ni mkwe wangu, Mama Edward. Njoo ukae kikaoni."

Bodi inakutana tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, ghorofa ya juu ya ofisi ya Lubaga. Suresh amemwalika Zipora azungumze kwa niaba ya wenye viti.